Diski Ndani ya Gunia

Tulipomzika Mzee Makokha kule Saboti mwezi uliopita, mpwa wake alisimama mbele ya hema akasoma maisha ya marehemu, na alipofika mahali pa kusema kwamba Mzee alikuwa mtu wa kuamini watu, Rukia, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinifinya paja. Nilijifunika uso kwa leso. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu alidhani nalia, akanipapasa mgongo akiniambia nijikaze, sote njia yetu ni moja. Kumbe nilikuwa nakufa kwa kicheko. Marehemu nilimfanyia kazi mwaka mmoja tu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, lakini ndio mwaka ulionifanya niwe hivi nilivyo: mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyatia kwenye chai, anayerudi mlangoni kuhakikisha ameufunga, na asiyeamini mtu akimwambia "nitakupigia". Watoto wangu hunicheka. Wacha wacheke. Wao hawakuwa Kitale, katika ghala la Makokha, mwaka ule seva ilipokufa.

Ghala lenyewe lilikuwa upande wa reli ya zamani, jengo refu la mabati lenye harufu ya magunia makavu na vumbi jeupe la mahindi ambalo lilikuwa linatua hata kwenye kope. Wakulima wa Saboti, Kimilili na hadi Cheptais walileta mahindi yao baada ya kuvuna, wakayaacha kwa Mzee wakisubiri bei ipande. Gunia ni gunia. Ukiyapanga hadi darini huwezi kujua la nani ni lipi. Zamani Mzee alikuwa anajua kwa kichwa, halafu kichwa kikazidiwa, akanunua seva na kuniajiri mimi niingize kila kitu kwenye kompyuta: nani ameleta, ameleta mangapi, yalikuwa makavu kiasi gani, yamelazwa wapi. Rukia, msichana wa mjini aliyezaliwa karibu na msikiti, ndiye aliyepokea magunia mlangoni na kunisomea hesabu. Mzee mwenyewe alizunguka kutwa nzima akiwa na sindano ya magunia, ile ndefu iliyopinda, ameichomeka kwenye kola ya koti. Alikuwa na mshono wake: anakwenda mbele, anarudi, anapitisha juu, kisha fundo analificha ndani. Mtu akifungua gunia lake akalishona upya, Mzee angejua kwa kulitazama tu. Hata mfuko wa sukari ya chai ya ofisini aliushona. Tulikuwa tunakunywa chai pale anapopata nafasi ya kuja kufumua sukari.

Lugha yake ilikuwa ya maswali. Angekukuta peke yako, akakuuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Huyu Rukia unamuonaje?" Ukisema ni mtu mzuri, anatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba umemthibitishia jambo. Ukikaa kimya, anatikisa vilevile. "Kikulacho ki nguoni mwako," angesema, kisha aende zake. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba anayeniuliza habari za Rukia, lazima anamuuliza Rukia habari zangu. Na kwa kuwa mimi na Rukia tulipanga chumba kimoja, tukapika kwenye jiko moja na kulala tukitenganishwa na pazia la maua, nilianza kumtazama. Akinyamaza nilijiuliza ananyamazia nini. Akicheka nilijiuliza anacheka nini. Kushuku kunaambukiza kama homa ya mafua, na mle ndani tulikuwa tunakoholeana.

Seva ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, chumba kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma na kufuli ambalo lilikuwa bora kuliko yote pale ghalani. Ufunguo ulikuwa mmoja. Alikuwa nao Mzee. Asubuhi ananifungulia, jioni anafunga yeye. Nilikaa humo kutwa, mimi na mashine na sauti ya feni, na pembeni kulikuwa na magunia ya Mzee mwenyewe, mahindi ya shamba lake, yamefunikwa turubai. Hakutaka yachanganyike na ya watu. Sikuyajali. Kila mtu ana lake.

Siku seva ilipokufa ilikuwa Jumatatu. Nilibonyeza, taa ikawaka, feni ikazunguka kidogo, kisha kimya. Nikabonyeza tena. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Nini?"

"Imekataa kuwaka, Mzee."

"Jana ilikuwa mzima?"

"Jumamosi ilikuwa mzima. Jana si ilikuwa Jumapili."

"Na Jumamosi nani alikuwa wa mwisho hapa?"

"Mimi, Mzee."

Alitikisa kichwa kwa huzuni. Kulikuwa na diski nyingine ya akiba, ambayo nilikuwa naihifadhia nakala kila Ijumaa, na Mzee alikuwa ameifungia kwenye kabati mle mle chumbani, kwa sababu ndicho chumba pekee alichokiamini. Tuliitoa, tukaiunganisha kwenye kompyuta ya ofisini. Nayo ilikuwa maiti. Hapo ndipo nilipoogopa, maana hata mimi ningekuwa yeye ningeshuku. Mashine moja ikifa ni ugonjwa. Zikifa mbili, kuna mtu.

Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika sokoni, na imefika ikiwa imekomaa: ati magunia yamepotea, ati yule msichana wa kompyuta amefuta kila kitu asijulikane. Wakulima walianza kuja langoni. Hawakuja na fujo. Walisimama tu wamekunja mikono, wakinitazama nikipita, na wengine nilikuwa nawajua kwa majina kwa sababu nilikuwa nimeyaandika mwenyewe. Mzee aliniita ofisini. "Sikia, Nafula. Mimi siwezi kukupiga wala kukutusi. Lakini kama hizi vitu hazitarudi, utaenda kueleza polisi, mimi sitasema kitu." Nilitaka kusema mengi. Nilisema, "Sawa, Mzee." Jina langu ndilo lililokuwa kwenye ile mashine, na jina likishachafuka katika mji wa kiasi cha Kitale, hakuna mwajiri wa kukupa hata kazi ya kufagia.

Jioni Rukia alisonga ugali, mimi nikachemsha mboga ya mrenda. Sufuria ikateremshwa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Si unafikiria mimi ndiyo nimekusema kwa Mzee."

"Umenisema?"

Aliweka chini tonge lake. "Ananiuliza kila wiki. Nilimwambia unakula sana, na unaongea ukiwa usingizini. Hiyo tu. Wewe je? Ulimwambia nini juu yangu?"

"Nilimwambia unaswali sana mpaka chakula kinapoa."

Tulitazamana juu ya sinia. Kisha Rukia akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukatika pumzi, na mimi nikafuata, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kicheko kilipoisha aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nafula, hukufanya kitu? Niambie ukweli, mimi sitasema." Iliniuma kuliko polisi. Nilimwambia sikufanya. Akasema basi. Sikujua kama ameamini, na naye, naona, hakujua.

Mafundi wa kompyuta Kitale walikuwepo, lakini kwa Mzee kila fundi wa Kitale alikuwa anakunywa na mtu wa ghala jirani. Kwa hiyo akaamua mashine ipelekwe Bungoma, kwa kijana mmoja aliyejiita Injinia Wanyonyi na ambaye alitaka na wewe umwite hivyo. Mzee alizitoa diski mbili za ndani ya seva na ile ya akiba, akazifunga kwa matambara, akazitia ndani ya gunia dogo la mbegu, akalishona mdomo kwa mshono wake. Mimi lazima niende, kwa sababu nilikuwa najua pasiwadi. Rukia lazima aende, anichunge. Na Mzee mwenyewe akaja, amchunge Rukia. Tulikwenda kwa pikapu yake, gunia likiwa mapajani mwake njia yote kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Duka la Wanyonyi lilikuwa nyuma ya duka la nguo, chumba chembamba chenye vyeti vimetundikwa ukutani kwenye fremu na meza iliyojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa kijana mnene, mwenye sauti kubwa, mwenye kupenda kueleza kitu ambacho hujamuuliza. Lakini kila alipogusa kibodi alikuwa anaziba kioo kwa bega lake, na hapo hapo nikamshuku. Nilifikiri, huyu ataona majina ya wakulima wote, ataenda kuyauza. Mzee naye alimshuku kwamba atabadilisha diski, akavuta kiti akakaa mlangoni, magoti yamegusana na ya fundi. Alikata uzi wa gunia mwenyewe, baada ya kulikagua fundo mbele na nyuma.

Wanyonyi aliitoa diski ya kwanza, akainusa. Akanusa tena, uso umekunjamana. "Mbona inanuka kitunguu saumu?" Akafungua kibao cha umeme kilicho chini ya diski, akakigeuza kwenye mwanga wa taa, na akapiga mluzi. Zile sehemu za shaba ambazo zinafaa kung'aa zilikuwa nyeusi tii, kama kitako cha sufuria. "Wee! Mzee, hii si kuharibika yenyewe. Hii mtu amemwaga kitu. Asidi, ama kitu kama hiyo."

Mzee hakushtuka. Alinigeukia tu, na usoni mwake kulikuwa na utulivu wa mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu. Akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba kwa kidole gumba, polepole, akiwa amevaa miwani. Nilijua anayemtafuta ni nani. Nilitaka kusema si mimi, lakini wezi wote husema si mimi.

"Ngoja kwanza, Mzee," Wanyonyi akasema. Alikuwa amefungua diski ya pili, na ile ya akiba, akazilaza pamoja na kuziinamia na lenzi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Asidi ingechuruzika. Ingekula upande mmoja, iache mwingine. Hii imekula pande zote sawasawa, mpaka huku ndani penye maji hayawezi kufika. Zote tatu. Hii imeingia kama moshi, bana. Kwani nyinyi mnapika nini kwa hiyo chumba?"

Nilimwona Rukia akivuta hewa puani, nami nikavuta, na harufu ikanifikia. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ghalani anaijua, anaizoea mpaka pua inaacha kuisikia. Ni harufu ya vile vidonge vya kijivu ambavyo huwekwa kwenye mahindi kuua wadudu. Unaviweka chini ya turubai, vinatoa hewa, na watu wote wanaondoka mpaka hewa iishe. Mzani wetu wa umeme uliwahi kufa hivyo hivyo, tukaambiwa dawa imeula, na tangu hapo tulikuwa tunautoa nje kila tunapotia vidonge ghalani. Lakini chumba cha seva hakikuwa ghala. Hakuna aliyefikiria.

"Mzee," nikasema, "yale magunia yako kwa chumba yangu, umeyawekea vidonge?"

"Yale ni magunia yangu."

"Najua ni yako. Umeweka vidonge?"

"Sasa nani atakula mahindi ya wadudu?"

"Uliweka lini?"

Aliangalia simu yake. "Naweka kila mara nikiongeza. Nikisema, si mtajua kuna mahindi mazuri huko? Mtafungua."

Wanyonyi aliweka lenzi chini. Alikuwa mtu wa majigambo, ndiyo, na mpaka leo namkumbuka kwa majigambo, lakini wakati ule alimtazama Mzee kwa hasira ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu aliyenifahamu tangu asubuhi tu. "Na huyu dada alikuwa anakaa ndani? Bila dirisha? Mzee, hiyo dawa inaua watu. Si kuumiza. Inaua."

Ndipo nilipokumbuka kuumwa kichwa. Msimu mzima nilikuwa natoka mle chumbani nimeshika paji la uso, natapika nyuma ya ghala, nikidhani ni mwanga wa kioo, nikajinunulia miwani ya bei rahisi sokoni. Nilikaa kwenye stuli ya Wanyonyi. Niliyekuwa nangoja kushtakiwa kwa kuua mashine, kumbe nilikuwa nauawa pamoja nayo.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuniambia mimi, alimwambia Wanyonyi, kama wazee wawili wanaojadili ndama. "Nilikuwa namuona. Kila siku anatoka ameshika kichwa. Mimi nilifikiria ni dhamiri inamsuta."

Rukia alisema, "Astaghfirullah," akatoka nje. Mimi nilibaki.

Wanyonyi aliifanya kazi yake. Aliomba raba ya penseli, ile ya watoto wa shule, akasugua shaba iliyoungua taratibu, akapangusa kwa spiriti, akasugua tena, mpaka wekundu wake ukaanza kuchungulia. Diski ya kwanza iligonga ndani kama mtu anayebisha hodi, kisha ikakata tamaa. Ya pili ikazunguka. Nilitaka kuifungua hapo hapo, nione. Akanikataza. "Usiguse. Kwanza tunakopi yote jinsi ilivyo, hata makosa yake. Ukianza kuchokora diski mgonjwa, utammaliza." Tulikaa humo saa nyingi, tukitazama mstari mdogo wa kijani ukisonga mbele kwa uvivu. Rukia alirudi na kuku na ugali wa kibandani, tukala kwa mikono juu ya magazeti. Mzee hakula kuku kwa sababu hakumwona akipikwa. Alinunua ndizi, akazimenya mwenyewe, kwa kuwa ndizi huja imefungwa.

Alasiri Wanyonyi alifungua nakala. Faili ya rekodi ilikuwa na vidonda. Siku za mwisho mwisho zilikuwa zimeharibika, ikabidi aitengeneze kipande kwa kipande, huku akitukana kwa Kibukusu na kuomba msamaha kwa Rukia. Kisha akanipisha niweke pasiwadi. Majina yakapanda. Wa Saboti, wa Kimilili, wa Cheptais, magunia yao, sehemu yalipolazwa, yote kwa mkono wangu, yakishuka kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Nililia wazi wazi, sikujificha. Rukia alinishika bega, na nilijua kwa ule mshiko kwamba sasa ameamini, na pia kwamba hadi dakika ile alikuwa bado hajaamini. Sikumlaumu. Nilimpenda zaidi kwa kuja bila kuwa na hakika.

Tuliporudi Kitale, Mzee alihamisha magunia yake, akafungua mlango wa chumba upigwe upepo, na wakulima wakapata mahindi yao. Ikajulikana nani ana mangapi, na kila gunia lilipatikana pale kompyuta iliposema. Langoni watu walianza tena kunisalimia. Mmoja alinipa kuku. Nilidhani yamekwisha. Lakini Mzee aliketi mbele ya kompyuta, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuigusa, akaniambia nimwonyeshe namna ya kusogeza kurasa, kisha akaniambia nitoke. Akasoma rekodi zangu zote tangu siku ya kwanza niliyoajiriwa. Alisoma asubuhi, alisoma mchana, aliingia ghalani kuhesabu kwa kidole kisha akarudi kusoma. Alisoma siku nyingi. Mimi nilikaa ofisini na Rukia, nikimngoja kama mtu anavyongoja majibu ya hospitali, kwa sababu nilijua hakuna atakachokiona, na nilijua kwamba akimaliza itabidi aseme neno. Si lazima liwe kubwa. Hata "pole" ingetosha. Nilikuwa nimeshaamua kumjibu, "Usijali, Mzee."

Mwishowe aliniita. Alikuwa amechoka, macho mekundu, ameketi amekunja mikono juu ya meza.

"Nimeangalia yote," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mwanzo mpaka mwisho. Na magunia nimehesabu."

"Ndiyo."

"Hakuna kitu."

Nilisimama nikingoja. Alinitazama, na nitaapa kwamba machoni mwake mlikuwa na kitu kinachofanana na heshima.

"Umeficha vizuri sana," akasema.

Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akimsifu mtu mwingine. Nilimwambia asante, nikaenda kuchukua sweta yangu, na mchana ule ule nilikuwa Bungoma, mlangoni kwa Wanyonyi, nikimuuliza kama anahitaji mtu wa kusugua shaba.